Nyama, jongo na wazee waliobaki barazani

Mwezi uliopita alinijia kliniki mzee mmoja wa Mkomani, hapa Lamu. Kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hata shuka ikikigusa anaruka. Jongo, maumivu ya viungo yaletwayo na asidi ya yuriki ikizidi mwilini. Nikamwambia, pamoja na dawa za daktari, apunguze nyama na maini. Akanijibu, "Mwanangu, babangu alikula nyama mpaka miaka tisini, wala hakuumwa hata kichwa."

Nikamuuliza: mara ngapi kwa wiki? Akafikiri. "Kwa wiki? Ah, siku zote ni samaki. Nyama ni Ijumaa, na Idi, na harusini." Na huyo babake alikwenda Shela kwa miguu na kurudi. Tena wenziwe wa rika moja, waliofariki kwa moyo au kwa utumbo wakiwa na miaka hamsini, hawapo barazani watusimulie walikula nini. Tunaowasikia ni waliobaki.

Baada ya wiki mbili mzee alirudi, mguu umenywea. "Nimeacha mishkaki, nimepona!" Nilifurahi naye kwa dhati. Lakini jongo likishika, aghalabu hupoa lenyewe kwa wiki moja au mbili hata bila dawa. Kwa hivyo chochote ulichokianza siku ya maumivu makali, kuacha nyama au kunywa maji ya ndimu, kitapewa sifa. Nilipozidi kumdodosa, kumbe ameacha na soda pia, chupa mbili kwa siku, na sukari ya soda nayo hupandisha asidi ya yuriki. Ni nyama, ni soda, ni dawa, au ni siku tu kupita? Kwa mtu mmoja huwezi kutenganisha.

Ndiyo maana wataalamu hufuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi. Mwaka 2015 IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliziweka nyama za viwandani, kama soseji, katika Kundi la 1: zinasababisha saratani ya utumbo mpana. Nyama nyekundu, kama ya ng'ombe na mbuzi, iliwekwa Kundi la 2A, yaani yaelekea husababisha. Kwa kuwa sigara nayo imo Kundi la 1, watu wakavumisha kuwa soseji ni sawa na sigara. Sivyo. Kundi hueleza ushahidi una uzito gani, halielezi hatari ina ukubwa gani. Gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari kwa asilimia 18 hivi: tuseme kati ya watu 100 wangeugua 5, sasa wataugua karibu 6.

Mjamzito aliyepungukiwa damu simkatazi nyama kamwe. Madini ya chuma yaliyomo kwenye nyama mwili huyapokea kwa urahisi kuliko ya mchicha. Wengine nawaambia wasipite gramu 500 zilizopikwa kwa wiki, na soseji waziweke mbali.

Mzee nimemwomba arudi tupime yuriki tena, kwa sababu kipimo cha siku ya maumivu huweza kuonyesha kiwango cha kawaida na kutupotosha.