Uyole kabla ya bikoni

Mimi ni mpangamiji, na ardhi inayoniuma zaidi Mbeya ni ya Uyole. Pale barabara ya Tukuyu inapochepuka kutoka barabara kuu ya Tunduma, udongo ni wa majivu ya volkano, mweusi na mwepesi, jembe linazama bila kulazimishwa. Ndio huo tunaoumwagia zege.

Jiji lilikuwa na watu 385,279 kwenye sensa ya 2012. Mwaka 2022 wakafika 541,603. Lazima wapate pa kulala, na sigombani na anayejenga. Tatizo ni tunavyokata viwanja. Eka moja ni mita za mraba 4,047 hivi. Ikate ishirini kwa ishirini, toa njia, unabaki na viwanja vinane, kila kimoja na nyumba moja ya chini. Nyumba za ghorofa moja tu zingebeba familia mara mbili, na eka ya jirani ikaendelea kutoa viazi.

Kwa kawaida dalali hututangulia kabla hatujaweka bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja. Mkulima anauza kipande apate ada ya mtoto, msingi unachimbwa, majirani wanafuata, njia inabaki ya kupita bajaji. Kisha unakuja urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila mpango. Unampa mwenye nyumba hati, na hilo ni jema, lakini unapima kilichokwisha kujengwa. Uwanja wa watoto hauwezi kuurudisha.

Mabonde yanaumia zaidi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini tazama bonde linalochimbwa udongo wa matofali ya kuchoma: mashimo yanatuamisha maji, mtu anamwaga kifusi, anapandisha ukuta, na masika maji yanamfuata sebuleni. Iringa mabonde ya namna hiyo ndiyo yenye vinyungu, bustani zinazotoa mboga kiangazi wakati mlimani kumekauka.

Nafasi ya kuyaokoa mabonde yetu ipo wakati kijiji bado ni kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu kauli juu ya ardhi, na mkulima anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Kijiji kikigeuzwa mtaa, mkutano huo haupo tena.

Kwa hiyo ndugu zangu wa upande wa Inyala, jirani na Uyole, ambako vijiji bado vipo, mwulizeni mtendaji wa kijiji: mpango wa matumizi ya ardhi upo? Bonde letu limeandikwa nini humo? Kama halimo, liingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao.