Mshairi wa Uingereza na maboma yetu ya Iringa

Wageni wanaofika Boma la Iringa, lililojengwa na Wajerumani, huniuliza: jengo la mkoloni mnalitunzia nini? Swali ni la haki, maana Wajerumani hao hao ndio walioibomoa ngome ya Mtwa Mkwawa kule Kalenga mwaka 1894. Jibu langu huanzia mbali, kwa mshairi.

John Betjeman (1906–1984) aliishi wakati ambapo Waingereza waliyaona majengo ya karne ya 19 kuwa uchafu: meusi kwa moshi, ya kizamani, yamekaa njiani. Yeye aliyapenda. Mwaka 1958 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kuyatetea, Victorian Society. Wakashindwa vibaya mapema. Lango la mawe la stesheni ya Euston jijini London, la mwaka 1837, lilianza kubomolewa mwaka 1961, na mawe yake mengi yakaenda kufukia shimo mtoni.

Uchungu ule ndio uliomwokoa jirani. Zamu ya stesheni ya St Pancras ilipofika, watu walikuwa wameshaamka, na mwaka 1967 ikapewa ulinzi wa kisheria wa daraja la juu. Leo sanamu ya Betjeman imesimama humo ndani, mkono umeshika kofia, uso umeinuliwa kutazama paa. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa mashairi, redio na televisheni: kuwafundisha watu kuinua macho.

Boma letu nalo, tangu 2016, ni makumbusho. Kuta za mtawala sasa zinasimulia habari za Wahehe, na hilo kwangu ni ushindi.

Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Maboma, nyumba za misheni na maduka ya zamani ya Iringa, Tukuyu na Mbeya yalijengwa baadaye. Hayana kinga hiyo mpaka yatangazwe rasmi. Lazima mtu aanze kuyasemea.

Wala adui si tingatinga peke yake. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu huingia, kisha hutoka. Ukiupiga plasta ya saruji, maji hunaswa ndani na tofali humong'onyoka polepole, huku nje panapendeza. Kabla hujamwita fundi kwenye nyumba ya babu, kwangua kwa ukucha kati ya tofali na tofali. Ukitoka unga mweupe, laini, hiyo ni chokaa. Mwambie arudishie chokaa.