Je, wajua kwa nini barua ya furaha iliandikwa kifungoni?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mkristo mwenye furaha ya kweli halii. Nilimwambia hivyo jirani yetu mmoja hapa Kariobangi, Nairobi, jioni ya tatu ya matanga ya mwanawe. Tenti ilikuwa imefungwa kati ya ploti mbili, chai inamiminwa kutoka birika kubwa, naye amekaa kwenye kiti cha plastiki akikunja na kukunjua pindo la leso. "Mama, usilie," nikamwambia. "Neno linasema tufurahi siku zote." Aliitikia "Amina" kwa sauti ndogo, akafuta macho. Maneno yale yananichoma hadi leo, maana andiko lenyewe nilikuwa nimelisoma nusu.

Andiko ni Wafilipi 4:4. Paulo aliwaandikia waumini wa Filipi, mji wa Makedonia, akiwa amefungwa. Mapokeo husema alikuwa Roma, karibu mwaka 60 hadi 62. Wapo wataalamu wanaotaja Efeso au Kaisaria. Ni sura 4 tu, na furaha inatajwa humo mara nyingi kiasi kwamba wengi huiita barua ya furaha.

Ukisikia hivyo unamwona mfungwa asiyeumia. Lakini isome taratibu. Katika sura ya 2 yumo Epafrodito, aliyetumwa kutoka Filipi kumletea Paulo msaada. Haukuwa msaada wa adabu tu, kwa kuwa mfungwa wa siku zile alitegemea sana ndugu na marafiki kwa chakula. Epafrodito akaugua, akakaribia kufa. Alipopona, Paulo alisema Mungu amemhurumia hata yeye, asije akapata "huzuni juu ya huzuni". Yaani huzuni ya kwanza tayari alikuwa nayo! Katika 3:18 anasema wazi kwamba anaandika kwa machozi. Kutoka machozi hayo hadi "furahini" ya 4:4 ni aya 7. Hakungoja yakauke.

Wala si Paulo peke yake. Yesu alilia kwenye msiba wa Lazaro, na alikuwa ameshawaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha. Zaburi zimejaa vilio. Na ni Paulo huyohuyo aliyewaandikia Warumi, "lieni pamoja nao waliao". Hiyo ndiyo amri iliyonihusu mimi pale kwenye tenti.

Basi machozi na furaha hukaaje ndani ya mtu mmoja? Jibu liko katika maneno mawili ya 4:4 ambayo mimi niliyaruka: "katika Bwana". Fikiria maji ya Nairobi. Mvua inaweza kunyesha mtaani hadi mitaro ifurike, na mfereji wako ukatoa upepo tu. Tena Januari, jua kali na vumbi kila mahali, unafungua mfereji na mitungi inajaa. Sababu ni kwamba maji mengi ya jiji hili hutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, linalojazwa na mito ya milima ya Aberdare. Mawingu ya Kariobangi hayakuambii lolote kuhusu mfereji wako. Inakubidi uulize habari za Ndakaini.

Minyororo ya Paulo ilikuwa hali ya hewa ya mtaani. Chanzo anachokitaja kiko mbali na mkono wa askari: Kristo aliyefufuka, uraia wa mbinguni, na Mungu ambaye akianza kazi njema ataimaliza. Jua la mtaani bado linachoma. Maji kwenye bomba hayaondoi joto, ila yanakufanya usife kiu ndani yake.

Na bomba hujengwa. Paulo anasema, "nimejifunza kuwa radhi". Hasemi ilimchukua muda gani, kwa hiyo nami siwezi kumwahidi mtu kwamba ni wiki au mwaka. Vipande vya bomba anavitaja katika 4:6: kusali, kuomba, kushukuru. Mimi ningeongeza watu, kwa sababu sehemu ya furaha yake ilimfikia mikononi mwa Epafrodito.

Mfano huu una mpaka wake. Kuna huzuni ambayo ni ugonjwa. Mtu aliyekosa usingizi wiki kadhaa, au aliyechoka kuishi, apelekwe kwa daktari huku akiombewa, na asiambiwe kamwe kwamba imani yake ni ndogo.

Usiku ule wa matanga, kabla ya sala ya kufunga, pambio lilianzishwa na yule mama mwenyewe. Machozi yalikuwa bado yanamtoka. Sauti yake ilikatika mara mbili katikati ya ubeti, na mara zote mbili akina mama wa jumuiya waliupokea pale alipouachia, wakauendeleza, hadi akaweza kurudi.