Saa kumi jioni mtoto wako yuko wapi? Maswali na majibu kuhusu umoja wa mtaa kwa afya ya vijana

Mzazi akija kuniuliza kuhusu kijana wake huanza na pombe, mimba au kubeti. Mimi humrudisha kwenye saa. Kengele ya shule inalia saa tisa alasiri, mama anafunga meza yake sokoni saa kumi na mbili, baba anaingia usiku. Hapo katikati mtoto hana mtu, na mengi tunayoyalilia huanzia hapo. Mzazi mmoja hawezi kuliziba pengo hilo peke yake. Mtaa unaweza.

Umoja wa mtaa ni kitu gani? Si kamati nyingine tu?

Kamati tunazo. Mpango wa taifa wa Tanzania wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017/18, ulielekeza ziundwe kamati za ulinzi hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Ya kwenu ikiwa hai, anzieni hapo, msiunde nyingine. Ninaposema umoja nina maana ya wote wanaokutana na kijana kila siku kukubaliana jambo na kulishika pamoja. Mwenyekiti wa mtaa, mwalimu wa malezi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, polisi kata, shehe na mchungaji hawakosi kuitwa. Wanaosahaulika ni dereva wa bodaboda anayebeba wanafunzi, mama lishe, mwenye kibanda cha video na mwenye duka la pembeni. Hao ndio wanaomwona mtoto saa kumi jioni.

Kuna mahali jambo hili limeleta matokeo?

Iceland, nchi ya kisiwa huko Ulaya kaskazini. Mwaka 1998, vijana 42 kati ya kila 100 wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Kufikia 2016 walibaki 5. Waliovuta sigara kila siku walishuka kutoka 23 hadi 3. Hawakufika hapo kwa mabango ya kutisha. Kila mwaka waliwauliza vijana wenyewe kwa dodoso lisilo na jina, kisha majibu ya mji husika yakarudishwa haraka kwa wazazi na walimu wa mji huohuo, wakaona ya kwao na si ya taifa zima. Wazazi walitiliana saini makubaliano, wakapokezana kutembea mitaani jioni za mwisho wa wiki. Sheria ilikataza watoto wa miaka 13 hadi 16 kuzurura baada ya saa nne usiku majira ya baridi. Jijini Reykjavik familia zilipewa fedha za kumlipia mtoto michezo na muziki.

Marekani nako, kuanzia 2003, miji midogo 24 katika majimbo 7 iligawanywa kwa bahati nasibu: nusu iliunda miungano ya aina hii, nusu iliendelea kama kawaida. Watoto waliofuatiliwa tangu darasa la tano, walipofika la nane, wale wa miji yenye miungano walikuwa wachache zaidi walioanza pombe na sigara.

Hao wana fedha. Sisi tuanzie wapi?

Anzeni na kijiti na mchanga. Wakalisheni wasichana peke yao na wavulana peke yao, wachore mtaa wao chini: shule, kisima, msikiti, kanisa, uwanja, vijiwe. Halafu waweke kokoto mahali wanapopaogopa na jani mahali wanapopapenda. Kaeni kimya muwaache. Utamwona binti anaweka kokoto ya tatu kwenye njia fupi ya kwenda bombani, wenzake wanatikisa vichwa, na wewe unapita njia hiyo kila siku hujawahi kuwaza lolote. Ramani ya wavulana itakuwa nyingine kabisa. Zikitazamwa pamoja ndizo ajenda ya kikao cha kwanza. Chagueni jambo moja tu mnaloweza kulimaliza ndani ya miezi mitatu: kufyeka kichaka, kuweka taa, kufungua uwanja wa shule hadi saa kumi na mbili akiwepo mtu mzima wa zamu.

Bila posho watu watakuja?

Wengine hawatakuja, na msiwasubiri. Fanyeni kikao kifupi, Jumapili jioni au baada ya swala ya alasiri, penye kivuli. Aliyepewa kazi aeleze alipofikia. Kinachowachosha watu zaidi ni kuitwa mara tano kwa neno lilelile.

Mwenye duka anayewauzia watoto sigara tumfukuze?

Mfuateni kwanza, watu wawili anaowaheshimu. Kwa sheria ya Tanzania aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Pombe, sigara na kubeti si vyake. Mara nyingi mwenye duka naye ni mzazi, na akiona maduka yote yamekubaliana, hofu ya kupoteza mteja inaisha. Akikaidi, mtendaji na polisi kata wapo.

Vijana nao waingie kwenye kikao?

Ndiyo, tena wasipungue wawili, maana mmoja ataogopa kusema. Wasifanywe wa kugawa maji.

Mtoto akifunua jambo zito, kwa mfano amebakwa?

Msikilize, mwambie si kosa lake, usimhoji kama askari. Usikubali yamalizwe kifamilia kwa mbuzi na faini, hata kama wazee wa heshima ndio wanaoomba. Asioge wala kufua nguo alizovaa. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo: dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa ikipita kinga inapungua. Kwa msichana aliyevunja ungo kuna pia dawa ya kuzuia mimba, aimeze kabla siku tano hazijapita tangu tukio. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na afisa ustawi wa jamii waarifiwe. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Iandikeni kwenye ukuta wa uwanja, kwa rangi, usawa wa macho ya mtoto.