Samani za kazi nyingi ni nini?

Samani za kazi nyingi ni vyombo vya nyumbani ambavyo kimoja hufanya kazi mbili au zaidi katika eneo lile lile la sakafu, ama kwa wakati mmoja, kama kitanda chenye droo chini yake, ama kwa zamu, kama kochi linalokunjuliwa usiku likawa kitanda. Udogo peke yake haukiingizi chombo katika kundi hili. Meza nyembamba iliyobanwa ukutani hupunguza nafasi inayochukuliwa, lakini ikiwa kazi yake ni kulia chakula tu, itabaki kuwa meza ndogo.

Umuhimu wake huonekana kwa hesabu fupi. Chumba cha futi 10 kwa 10, ambacho wapangaji wengi wa Malindi wanakijua vizuri, kina futi za mraba 100. Kitanda cha futi 4 kwa 6 huchukua 24 kati ya hizo, yaani karibu robo ya chumba, na mchana kutwa hakimfai mtu ila kwa kuwekea nguo zilizoanuliwa. Ukitoa nafasi ya mlango kufungukia, pahali pa jiko na njia ya kupita, kinachobaki kwa ajili ya kula, kusoma na kupokea wageni ni kidogo mno. Kitanda hicho hicho kikiinuliwa futi moja na uvungu wake ukatengenezwa kuwa stoo, mwenye chumba hupata karibu futi za ujazo 24 bila kuongeza hata inchi moja ya sakafu, na huenda asihitaji kabati tena.

Wako wanaodhani kwamba samani za namna hii zimeingia juzi kutoka ng'ambo, na ni kweli kwamba baadhi ya miundo yake mashuhuri ilibuniwa huko. William Lawrence Murphy wa San Francisco, Marekani, alisajili hataza za kitanda kinachoinuliwa na kufichwa ukutani mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za Frankfurt, Ujerumani, lenye upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, ambalo ubao wake wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Lakini mtu wa Lamu hana haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Mbuzi ya kukunia nazi ni kiti na ni chombo cha jikoni kwa pamoja, kwani mkunaji hukalia ubao ule ule unaoshika ulimi wa chuma, na akimaliza huikunja akaiegemeza ukutani. Marufaa ya kuwekea msahafu nayo hukunjwa ikalala bapa. Kasha la mbao lenye misumari ya shaba huhifadhi nguo na vitu vya thamani, na kifuniko chake hukalika, ilmradi mgeni asiwe mzito wa kuinuka kila kitu cha ndani kinapohitajika.

Nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zenyewe zilijengwa kwa fikra hiyo. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa, vyumba vilitoka virefu na vyembamba, vingi upana wake ukiwa mita 3 au chini ya hapo. Zidaka zilizochongwa katika chokaa ziliweka vyombo ndani ya unene wa ukuta, na baraza la mawe mlangoni likawa sebule ya wanaume isiyohitaji kiti hata kimoja.

Kipimo cha chombo cha kazi nyingi kinachofanya kazi kwa zamu ni ile shughuli ya kukigeuza. Kochi la kitanda ambalo kila usiku hudai meza isogezwe, mito iondolewe na fremu ya chuma ivutwe kwa nguvu, huishia kuachwa wazi mchana na usiku, na hapo limekuwa kitanda kibovu kilichonunuliwa kwa bei ya vyombo viwili. Godoro lake pia hulazimika kuwa jembamba ili likunjike, na mgongo wa mlalaji ndio unaolipa. Kwa maoni yangu, kochi la aina hiyo linamfaa mgeni wa siku mbili tatu, na alalaye kila siku apewe kitanda chenye stoo. Hata hicho kina sharti lake: droo ya kina cha futi 2 inahitaji futi 2 tupu mbele yake ili ivutwe, kwa hiyo katika chumba chembamba ni afadhali ubao wa kulalia uinuke kwa bawaba.

Bawaba ndizo zinazokufa kwanza katika pwani yetu. Hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida hadi kikakwama, na hivyo inafaa kumwagiza seremala atumie shaba au chuma kisichoshika kutu. Mbao za kiwandani zilizoshindiliwa kwa unga wa mbao na gundi huvimba kingo zikipata unyevu, na skrubu zikishalegea ndani yake hazikazi tena. Mbao ngumu ni ghali na nzito, lakini hustahimili kukunjwa na kukunjuliwa. Kitanda cha kuinuliwa ukutani kinataka uangalifu zaidi, kwa sababu ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa humung'unyuka skrubu fupi inapovutwa na uzito. Katika nyumba ya namna hiyo ni salama zaidi kukijengea fremu yake yenyewe inayosimama sakafuni, iundwe kwa vipande vinavyofunguka, maana ndani ya vichochoro vya Lamu fanicha hubebwa kwa punda au kwa mabega, kisha hupandishwa ngazi nyembamba yenye kona.