Grini kadi ya kazi: ombi ni la mwajiri, jua ni wapi linakuwa lako

Kila wiki napata meseji ya aina moja, mtu anaandika dada mimi niko Texas kwa viza ya kazi ya H-1B, kampuni imesema itaniombea grini kadi, sasa nijaze fomu gani? Jibu ni kwamba kwa sasa hujazi kitu. Mimi naandaa mafaili ya uhamiaji kwenye ofisi ya mawakili huku Marekani, hizi kesi za ajira ndo kazi yangu ya kila siku, na jambo ambalo watu wetu wengi hawajaambiwa ni kwamba hili ombi kwa sehemu kubwa siyo lako, ni la mwajiri. Linahamia mkononi mwako polepole, na ukijua ni wapi hasa linahamia utajua lini unaweza kuhama kazi, lini usithubutu, na lini bosi akikutishia ulale usingizi wako vizuri tu.

Kwa wengi safari inaanza na PERM, kibali ambacho mwajiri anakiomba kwa kuonyesha hakuna Mmarekani wa kuifanya hiyo kazi. Kampuni inaiuliza Wizara ya Kazi ya Marekani kazi hii kwenye eneo hili inalipwa kiasi gani, ikishajibiwa inatangaza nafasi: matangazo mawili kwenye gazeti la Jumapili, tangazo la siku 30 kwenye mfumo wa ajira wa jimbo, na kama kazi inadai digrii basi kuna njia nyingine tatu za kutangaza. Yaani wanapima kama yupo Mmarekani mwenye sifa anayeitaka hiyo kazi. Akipatikana, PERM imekwama, na we huruhusiwi kabisa kusogelea hao waombaji wala kusoma CV zao. Halafu pesa: wakili wa PERM na gharama za matangazo ni za mwajiri, hii ni kanuni tangu 2007. Mtu akikwambia tutakukata dola kadhaa kwenye kila mshahara kufidia gharama za PERM, jamani hilo ni kosa, usisaini karatasi kama hiyo hata kama unaogopa kupoteza nafasi.

Siku PERM inapopokelewa na Wizara ya Kazi ndiyo inakuwa tarehe yako ya kipaumbele, yaani nafasi yako kwenye foleni. Iandike mahali, utaihitaji kwa miaka.

Sasa hapa kwenye PERM ndo naomba tukae kidogo, maana kesi za watu wa kwetu nyingi zinaumia hapa na zinaumia kwa sababu ya barua. Kama kazi inadai uzoefu wa miaka mitano lazima uthibitishe kwamba ulikuwa nao kabla PERM haijapelekwa, na kwa kawaida uzoefu ulioupata kwa mwajiri huyuhuyu anayekuombea hauhesabiwi. Kwa hiyo unarudi kwa mwajiri wa zamani, Nairobi au Dar au Kampala. Mkenya ananiletea cheti cha kumaliza utumishi, kile ambacho sheria ya ajira ya 2007 inamlazimu mwajiri kukitoa, ana furaha kabisa, nakiangalia nakuta jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, aina ya kazi kwa maneno mawili, basi. Hakitoshi. USCIS, yaani idara ya uhamiaji ya Marekani, wanataka barua yenye nembo ya kampuni, jina na cheo cha anayesaini, cheo chako, tarehe, kama ulikuwa wa muda wote au nusu, na majukumu yako yameelezwa. "Afisa TEHAMA" peke yake haimwambii ofisa kwamba ulikuwa unasimamia seva na kuandika programu kwa Java, na kama PERM imesema Java, basi Java iwemo kwenye barua. Kampuni ikiwa imeshafungwa tafuta bosi wako wa zamani au mfanyakazi mwenzako aandike maelezo ya kiapo, uambatanishe na hati za mshahara au mkataba. Fanya hivi mapema, watu wanahama, wanastaafu, wengine wanafariki, na hapo hakuna wa kukusaini.

Digrii nayo. Watanzania na Waganda wengi tuna digrii za miaka mitatu baada ya kidato cha sita, wakati EB-2, daraja la pili la grini kadi za kazi, inataka shahada ya juu au digrii ya kwanza ya kiwango cha Marekani pamoja na miaka mitano ya uzoefu unaopanda ngazi. Ya miaka mitatu inaweza kuleta maswali. Siyo mwisho wa dunia, kuna EB-3, daraja la tatu, lakini tathmini ya vyeti ifanyike KABLA PERM haijaandikwa, maana PERM ikishaenda huwezi kurudi kubadilisha masharti uliyoandika ukabaki na tarehe ileile.

PERM ikipita kampuni ina siku 180 za kupeleka USCIS fomu ya I-140, ombi la mwajiri kwa ajili yako, zikipita PERM imekufa. Kwenye I-140 kampuni inathibitisha ina uwezo wa kulipa ule mshahara kuanzia siku ya tarehe yako ya kipaumbele, na kampuni ndogo zinakwama hapa sana kwa sababu hesabu zao za kodi zinaonyesha hasara. Muulize mwajiri mapema bila aibu.

I-140 ikipitishwa, ndo kitu cha kwanza kinakuwa chako: ile tarehe. Ukihamia kampuni nyingine itabidi waanze PERM mpya na I-140 mpya, lakini unabeba tarehe yako ya zamani, isipokuwa kama lile ombi lilifutwa kwa udanganyifu au kosa kubwa. Na ikishapita siku 180 tangu kupitishwa, mwajiri akiamua kuliondoa kwa hasira bado linaweza kukusaidia kuongeza H-1B baada ya miaka sita, ambayo ndiyo kikomo chake cha kawaida. Naona watu wanavumilia manyanyaso kazini wakidhani bosi anaweza kuwafutia kila kitu kwa simu moja, hawezi.

Foleni yenyewe iko hivi. Viza za ajira ni kama 140,000 kwa mwaka, na hesabu hiyo inajumuisha waume, wake na watoto, na kwa kawaida nchi moja haichukui zaidi ya asilimia 7. Ndiyo maana Wahindi wanasubiri zaidi ya miaka kumi na sisi tunaingia kwenye safu ya nchi nyingine zote, ambayo huwa inasogea haraka zaidi. Angalia jedwali la viza linalotolewa kila mwezi na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Kinachohesabiwa ni nchi uliyozaliwa, pasipoti haihusiki. Mkenya mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Mombasa anahesabiwa Kenya. Aliyezaliwa Mumbai akachukua uraia wa Kenya anahesabiwa India, ila kama mke wake kazaliwa Mombasa anaweza kutumia nchi ya mke, na hii imewaokoa watu miaka mingi ya kusubiri.

Tarehe yako ikifikiwa na uko ndani ya Marekani unapeleka I-485, fomu ya kuomba grini kadi yenyewe, na hili sasa ni ombi lako, unasaini wewe. Ikikaa siku 180 bila kuamuliwa, na I-140 imepitishwa, unaweza kuhama mwajiri mradi kazi mpya ni ileile au inafanana nayo. Fomu ya uchunguzi wa afya kutoka kwa daktari ipelekwe pamoja na I-485, tangu Desemba 2024 ndo utaratibu. Usisafiri nje bila kibali cha kusafiri, labda uwe na H-1B au L-1 (viza ya kuhamishwa ndani ya kampuni) halali, ukitoka tu ombi linahesabiwa umelitelekeza. Na kama una mtoto anayekaribia miaka 21 mwambie wakili siku ya kwanza kabisa, kuna hesabu maalum ya umri wake na haisamehi uzembe.

Manesi, nyie njia yenu ni tofauti kidogo. Hampiti kutangaza kazi, Wizara ya Kazi imeshakubali kwamba manesi wanapungua, kwa hiyo mwajiri anapata jibu la mshahara, anabandika taarifa kazini halafu anakwenda moja kwa moja kwenye I-140. We unahitaji kufaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani, na kupata cheti cha VisaScreen, kinachothibitisha elimu, leseni na Kiingereza chako. Lakini anayesubiri akiwa Nairobi hana I-485, anamalizia ubalozini, na hilo maana yake ni kwamba ile ruhusa ya kuhama mwajiri katikati hana. Mpaka unatua, kazi ni ya huyo huyo aliyekuombea. Kwa hiyo mkataba usome mstari kwa mstari, hasa pale panapotaja utalipa kiasi gani ukiondoka kabla ya muda, wengine wanaandika maelfu ya dola. Na nchi nazo zina mambo yake, Juni 2025 Burundi iliwekwa kwenye orodha ya nchi zilizozuiwa viza za uhamiaji, na orodha za namna hii huwa zinabadilika, hivo angalia hali ya nchi yako kabla hujaacha kazi nyumbani.

Mwajiri akikataa kukupa nakala ya I-140, na wapo wengi wanakataa, mwombe angalau namba ya risiti, daraja la EB na tarehe ya kipaumbele. Akikataa hata hivyo unaweza kuomba nakala USCIS wenyewe kwa sheria ya uhuru wa habari, FOIA, unafungua akaunti kwenye tovuti yao na kutuma ombi mwenyewe, huhitaji wakili.