Shahada ya uhasibu si CPA

Kijana akiajiriwa kampuni ya ukaguzi wa hesabu hapa Dodoma, mtaani humwita mhasibu kamili anayehesabu fedha kwenye kiyoyozi. Fedha zenyewe hazioni. Kutwa analinganisha ankara na taarifa za benki, au yuko ghalani Kibaigwa, vumbi hadi masikioni, akihakikisha magunia ya mahindi yaliyoandikwa vitabuni yapo kweli.

Na shahada pekee haimpi CPA, sifa ya mhasibu aliyethibitishwa; hiyo hutolewa na NBAA, bodi ya wahasibu, na lazima afaulu mitihani yake, ya Mei na Novemba. Mei ndiyo kasheshe: kampuni zinazofunga hesabu Desemba hutakiwa kuwasilisha ritani za kodi kufikia Juni 30, hivyo kazi ya ukaguzi hujaa mwezi huo, naye anasoma usiku, macho mekundu.